Nondo wa Viazi Vitamu: Mla Matembele na Mtumishi wa Mpapai

Katika likizo moja ya mwezi wa Machi, nilipokwenda kijijini kwetu mkoani Mwanza kuwaamkia wazee, nilimkuta shangazi yangu amesimama kando ya matuta yake ya viazi vitamu, mkononi ameshika kopo. Ndani ya kopo mlikuwa na viwavi sita, kila mmoja mnene kama kidole cha mtu mzima na mrefu zaidi yake, wenye rangi ya kijani na mistari ya mshazari ubavuni. Nyuma ya kila mmoja ilichomoza pembe iliyopinda.

"Mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "wewe uliyesomea wadudu mpaka ng'ambo, hebu nieleze. Hawa wanakula matembele yangu usiku na mchana. Wenzangu wanasema pembe hii ina sumu. Kijana wa jirani ameniahidi kuleta bomba pamoja na dawa aliyobakiza kwenye pamba, aje awapulizie."

Tukiwa bado twaongea, aligusia shida ya pili, ambayo kwake haikuwa na uhusiano wowote na ile ya kwanza. Mipapai yake mitatu iliyo nyuma ya nyumba ilikuwa imechanua vizuri, lakini maua yalikuwa yakidondoka bila kufanya matunda. Je, nayo ingefaa ipuliziwe dawa?

Nilimwomba asubiri kwanza. Sababu za ombi hilo ndizo ninazotaka kumweleza msomaji wa jarida hili, kwani maswali mawili ya shangazi yangu yanakutana kwa mdudu mmoja, na makosa yatokanayo na kutomfahamu mdudu huyo yanaweza kumgharimu mkulima chakula chake na hata afya ya watoto wake.

Mdudu huyu ni nani?

Kiwavi mwenye pembe ni mtoto wa nondo mkubwa ambaye wataalamu humwita Agrius convolvuli. Katika vitabu vya zamani huitwa Herse convolvuli. Sisi katika makala haya tutamwita nondo wa viazi vitamu. Jina lake la kisayansi lilianzia kwa Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, mnamo mwaka 1758. Neno convolvuli linatokana na jamii ya mimea itambaayo na kujisokota, ambayo ndiyo chakula kikuu cha kiwavi wake.

Nondo huyu ni wa familia ya Sphingidae, yenye spishi zipatazo 1,500 duniani kote. Familia hiyo ilipata jina lake kutokana na tabia ya viwavi wengi wa aina hii: wakishtushwa, huinua kichwa na kifua na kutulia kimya, mfano wa ile sanamu kubwa ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu. Waingereza, kwa upande wao, huwalinganisha nondo wenyewe na mwewe, kwa sababu ya mbawa zao ndefu na nyembamba na mwendo wao wa kasi.

Kuhusu pembe, msomaji aondoe hofu. Pembe hiyo ni laini, haichomi wala haina sumu. Kiwavi huyu hana njia yoyote ya kumdhuru mtu, na mtoto aweza kumshika mkononi bila madhara.

Makao yake

Nondo wa viazi vitamu huishi katika Afrika yote, kusini ya Ulaya, sehemu kubwa ya Asia, Australia na visiwa vingi vya Bahari ya Pasifiki. Ni msafiri hodari. Kila mwaka baadhi yao huondoka Afrika, huvuka jangwa la Sahara na bahari ya Mediteranea, na kuingia Ulaya. Wamepata kuonekana hata Iceland, mbali kaskazini, mahali ambapo hawawezi kuishi katika majira ya baridi.

Mimi mwenyewe nilipokuwa masomoni Uingereza, jioni moja ya mwezi wa Septemba mwanafunzi mwenzangu aliniita bustanini nione "mgeni wa ajabu" aliyekuwa akinyonya maua ya tumbaku ya mapambo. Nilipomkaribia nilimtambua mara moja. Nilikuwa nimempata mara nyingi utotoni kwenye kuta zetu za nyumbani, asubuhi baada ya taa kuwaka usiku kucha. Wenzangu walistaajabu kwa sababu ya uhaba wake kwao. Mimi nilistaajabu kwamba nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile bila kujua kwamba kiwavi mwenye pembe wa shamba la mama na nondo wa ukutani ni kiumbe kimoja.

Hapa Afrika Mashariki tunamwona zaidi katika majira ya mvua, wakati mimea itambaayo inapochipua kwa wingi. Hupatikana pwani, bara na kandokando ya maziwa makuu, mashambani, vichakani na hata katika bustani za mijini.

Mimea anayokula kiwavi

Chakula cha kiwavi ni majani ya mimea ya jenasi iitwayo Ipomoea na jamaa zake. Kiazi kitamu ni mmoja wa jenasi hiyo. Wengine ni mimea pori yenye maua ya umbo la tarumbeta, meupe, ya waridi au ya zambarau, ambayo tunaiona ikipanda juu ya ua na vichaka. Pwani kuna aina itambaayo juu ya mchanga, yenye majani yaliyogawanyika mfano wa kwato za mbuzi. Hiyo nayo ni chakula chake. Mara chache kiwavi huyu huonekana pia juu ya kunde na mimea mingine ya jamii ya maharage.

Hapa yafaa tukumbuke historia. Kiazi kitamu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, nacho kililetwa katika bara letu baada ya mabaharia wa Ulaya kufika huko. Nondo huyu alikuwa akiishi kwa kutegemea Ipomoea za porini. Mkulima alipopanda jamaa ya mimea hiyo kwa matuta na matuta, nondo alikuta karamu imeandaliwa. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba amevamia mashamba yetu. Sisi ndio tuliopeleka chakula chake shambani.

Hatua nne za maisha

Kama vipepeo na nondo wote, mdudu huyu hupitia hatua nne: yai, kiwavi, pupa na nondo kamili.

Yai ni la mviringo, rangi ya kijani hafifu, na upana wake ni kiasi cha milimita 1 tu. Jike hutaga mayai yake moja moja, hapa moja na pale moja, juu ya majani na vikonyo. Desturi hii ina faida: kila kiwavi hupata chakula cha kutosha bila kugombana na ndugu zake, na adui akigundua yai moja hayapati yote. Baada ya siku 3 hadi 8, kwa kutegemea joto, yai huanguliwa.

Kiwavi anapotoka katika yai ni mdogo sana, nayo pembe yake ni kubwa kwa kulinganishwa na mwili. Kazi yake ni moja tu, yaani kula. Kwa kuwa ngozi yake hainyumbuki vya kutosha, hulazimika kujivua mara nne, na hivyo hupitia vipindi vitano vya ukuaji. Katika kipindi cha mwisho hufikia urefu wa sentimita 9 hivi. Kipindi hicho ndicho kinachomsumbua mkulima, kwani sehemu kubwa kabisa ya majani yote ambayo kiwavi hula maishani huliwa katika siku hizo chache za mwisho. Ndiyo maana wakulima wengi husema kwamba viwavi hawa "wametokea usiku mmoja". Hawakutokea usiku mmoja: walikuwapo wiki mbili au tatu, ila walikuwa wadogo na hawakuonekana.

Si wote walio wa kijani. Wako pia wa rangi ya udongo au karibu weusi, na wote ni spishi moja. Mkulima asiyemwona kiwavi mwenyewe aweza kumtambua kwa kinyesi chake: vidonge vikubwa vyeusi vilivyodondoka chini ya majani yaliyoliwa.

Akisha kushiba, kiwavi huacha kula, hushuka chini na kutembea akitafuta mahali pa udongo laini. Hapo hujichimbia ardhini kiasi cha sentimita chache, hutengeneza chumba kidogo, hujivua kwa mara ya mwisho na kuwa pupa. Pupa ni wa rangi ya hudhurungi na urefu wake ni sentimita 5 hadi 6. Ana alama moja isiyofichika: upande wa mbele hutokeza mrija uliojikunja, mfano wa mkono wa buli la chai. Ndani ya mrija huo ndimo unamotengenezwa ulimi wa nondo ajaye. Watoto wanaolima matuta huokota pupa hawa mara nyingi bila kujua ni nini. Katika joto la nchi zetu nondo hutoka baada ya wiki 2 hadi 3 hivi. Penye baridi hukawia zaidi.

Nondo kamili hutoboa njia kutoka ardhini, hupanda juu ya jani au kijiti na kukunjua mbawa. Mbawa zake, zikitandazwa, hufikia upana wa sentimita 8 hadi 12. Rangi yake ni ya kijivu yenye madoadoa, kiasi kwamba akitua mchana juu ya gome la mti ni vigumu kumtambua. Lakini akishtuliwa hufunua tumbo lake lenye mistari ya waridi na nyeusi pande zote mbili.

Kazi ya magharibi

Giza linapoanza kuingia, nondo hutetemesha mbawa zake kwa dakika kadhaa kabla ya kuruka. Kitendo hicho si cha hofu. Misuli ya kifua haiwezi kumrusha mpaka ipate joto la nyuzi 35 za Sentigredi au zaidi, na kutetemeka huko ndiko kunakoizalisha nguvu ya joto hilo. Akisha kuruka, huweza kusimama hewani mbele ya ua bila kutua, kama afanyavyo ndege chozi kwa nadra, huku mbawa zikipiga kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Kazi hiyo yahitaji sukari nyingi, na sukari hiyo huipata katika maji matamu ya maua.

Ulimi wake ni mrija wa kufyonzea wenye urefu wa sentimita 8 na zaidi, ambao ni mrefu kuliko mwili wake mzima. Asipoutumia huuviringa chini ya kichwa kama kamba. Kwa mrija huo huyafikia maua marefu ambayo nyuki hawezi kuyafikia. Maua ya namna hiyo mara nyingi ni meupe, hufunguka jioni na hunukia usiku. Uhusiano huu ni wa kale sana. Mwaka 1862 Charles Darwin, alipolichunguza ua la okidi ya Madagaska lenye mrija wa sentimita 30 hivi, alisema kwamba hapana budi kisiwani humo awepo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan walimtangaza nondo huyo, ambaye ni wa familia hii hii tunayoizungumzia.

Mipapai isiyozaa

Sasa turudi kwenye swali la pili la shangazi yangu. Mipapai ya asili inayopandwa vijijini kwa kawaida huwa ya jinsi mbili: mingine dume, mingine jike. Dume hutoa maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Jike hutoa maua makubwa yaliyoshikamana na shina. Ili papai lipatikane, chavua ya dume lazima ifikishwe kwenye ua la jike. Zipo aina za kisasa zenye jinsi mbili katika ua moja, ambazo hujichavusha zenyewe, lakini si zote.

Nani huibeba chavua? Ua la dume lina maji matamu ndani ya kijibomba chake, nalo hunukia jioni. Ua la jike halina maji matamu hata kidogo. Mdudu afikaye kwenye jike huwa amedanganyika: amefuata harufu na weupe unaofanana na ule wa dume. Nyuki hutambua upesi kwamba hapa hapana kitu. Nondo wa familia ya Sphingidae, arukaye gizani kwa kasi kutoka mti hadi mti, hujaribu ua baada ya ua, na katika majaribio hayo huacha chavua kwenye jike. Papai ni matokeo ya kosa la nondo.

Jambo hili si dhana tupu. Mwaka 2009 wataalamu Dino Martins na Steven Johnson walichapisha matokeo ya utafiti wao uliofanywa mashambani nchini Kenya. Walionyesha kwamba nondo wa familia hii ndio wachavushaji wakuu wa mipapai, na nondo wa viazi vitamu alikuwa miongoni mwao. Walionyesha pia kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye uoto wa asili, pamoja na hali ya uoto huo, huathiri idadi ya nondo wanaofika. Sababu yake ni wazi kwa msomaji aliyefuatana nasi hadi hapa: nondo hahitaji papai peke yake. Anahitaji majani ya kulea viwavi vyake, udongo wa kuhifadhi pupa, na maua mengine ya kumlisha.

Mpapai nao ni mgeni kutoka Amerika ya kitropiki, sawasawa na kiazi kitamu. Wageni wawili wamehudumiwa na mwenyeji mmoja, kimoja kwa kuliwa majani, kingine kwa kuchavushwa.

Nilipozunguka nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, niliona mipapai mitatu, yote majike. Nilimwuliza kama palikuwa na mpapai mwingine. "Ulikuwapo mmoja wa vikonyo virefu," alijibu. "Tuliukata mwaka jana. Ulikuwa hauzai." Basi upande mmoja wa tatizo ulijulikana hapo hapo. Na upande wa pili ulikuwa unakuja njiani, begani mwa yule kijana mwenye bomba.

Mkulima afanye nini?

Hatusemi kwamba kiwavi huyu hana hasara. Wakitokea wengi wakati marando yangali machanga, waweza kuyamaliza majani na kupunguza mavuno. Lakini shamba lililokwisha kutambaa vizuri huvumilia kupoteza sehemu ya majani, kwani marando huchipua tena. Adui mkubwa zaidi wa viazi katika nchi zetu ni fukusi, atoboaye kiazi chenyewe, naye si mtoto wa nondo huyu. Wako pia viwavi wadogo wenye miiba, watoto wa kipepeo, ambao wakiwa wachanga hukaa kwa makundi ndani ya utando. Mkulima atofautishe: mwenye pembe moja, ngozi laini na akaaye peke yake, ndiye wetu.

Kwa huyo, hatua zifuatazo zatosha mara nyingi. Kwanza, kukagua marando mara mbili kwa wiki wakati wa mvua na kuwaokota viwavi kwa mkono, hasa penye vidonge vya kinyesi. Ukubwa wao hurahisisha kazi hii. Pili, kuwahamishia waliookotwa kwenye Ipomoea za porini kando ya shamba, badala ya kuwaua wote. Tatu, mahali ambapo wamezidi mno, kulima udongo baada ya mavuno, ili pupa wafunuliwe na kuliwa na ndege na kuku. Nne, kuwaacha maadui wao wa asili wafanye kazi: wapo nyigu wadogo sana watagao ndani ya mayai ya nondo, na wapo nzi ambao funza wao hukua ndani ya kiwavi.

Dawa ya pamba haina nafasi katika orodha hii. Haikutengenezwa kwa mboga. Pamba hupuliziwa, ikakomaa, ikavunwa nyuzi. Matembele huchumwa asubuhi na kupikwa mchana. Sumu iliyokusudiwa kiwavi humfikia mtoto mezani, na humwua nyigu, nzi na nondo pamoja. Mwenye shaka na amwone bwana shamba kabla ya kufungua chupa yoyote.

Na kwa mpapai: miche ipandwe mingi, na ikianza kuonyesha jinsi yake, mkulima abakize dume 1 kwa majike yapatayo 10. Dume si mti usiozaa. Bila yeye wengine hawazai.

Bomba la yule kijana lilirudi lilikotoka. Viwavi wanne tuliwapeleka kichakani, na wawili tuliwaweka ndani ya chungu chenye udongo na majani mabichi, tukakifunika kwa kitambaa, ili wajukuu wa shangazi wajionee. Walimu wa shule za msingi waweza kufanya vivyo hivyo darasani: kopo, udongo wenye unyevu kidogo kina cha kiganja, majani mapya kila siku, na daftari la kuandikia tarehe. Wanafunzi watahesabu siku kutoka kiwavi kujichimbia hadi nondo kutoka. Kisha wamwachilie nondo wakati wa magharibi, karibu na mpapai wenye maua, watazame anakokwenda.